Lamu, Mji Unaokunywa Maji ya Mchangani

Sisi watu wa bara tukitaja pwani, mara nyingi tunataja Mombasa tu. Mtu akisha kuvuka Likoni kwa feri na kuitazama Ngome ya Yesu, hurudi kwao akawaambia jirani zake kwamba ameiona pwani yote. Mimi mwenyewe nalikuwa mmoja wa watu hao hata mwaka huu, na kama si arusi ya binti wa ndugu yangu, hapana shaka ningezeeka na fikira hiyo hiyo.

Mimi ni mkulima wa viazi na mfugaji wa ng'ombe wachache wa maziwa katika Kinangop. Ndugu yangu, mtoto wa baba mdogo, alihamia Mpeketoni katika miaka ya 1970, wakati Serikali ilipowagawia watu mashamba kando ya ziwa ambalo sasa huitwa Ziwa Kenyatta. Tangu siku hizo alikuwa akiniita, nami nalikuwa nikijibu kwamba nitakuja mwakani. Basi mwaka huu alipoandika kwamba binti yake wa mwisho anaolewa, naliona haya kujibu vile tena, nikafunga safari.

Sitawachosha wasomaji kwa habari za njiani. Nalipanda treni mpya kutoka Nairobi, ile iliyoanza kazi mwaka 2017, nikalala Mombasa, kisha nikapanda basi alfajiri. Tulipita Malindi, tukavuka mto Tana karibu na Garsen, tukapita Witu. Mara nyingi gari lilisimamishwa, sote tukashuka na vitambulisho mkononi, maana tangu mashambulio ya mwaka 2014 askari hawaichezei njia ile. Nalikaa Mpeketoni siku tisa. Naliona pamba na ufuta na mikorosho, mimea ambayo kwetu hatuijui ila kwa jina, na arusi ilikwisha kwa furaha. Siku ya tisa ndugu yangu aliniambia, "Usirudi kwako bila kuiona Lamu. Kaa siku mbili tu. Utachoka kwa kutofanya kazi."

Barabara hukoma Mokowe. Hapo kuna gati, na zaidi ya hapo ni maji. Nalishuka katika mashua ya mtambo pamoja na akina mama wenye vikapu vya mchicha na kijana mmoja aliyeshika mbuzi, tukapita katikati ya mikoko iliyosimama majini kama kaka wa nyumba wanaolinda mlango. Kadiri ya nusu saa ilipopita tuliuona mji: nyumba nyeupe zimeshikamana ukingoni mwa bahari, minazi nyuma yake, na majahazi yamefungwa mbele.

Jambo la kwanza lililonishangaza si nyumba, ni mwendo wa watu. Nalizoea kwamba mtu akishuka garini huanza kukimbia, hata kama hajui aendako. Hapa nalishuka na mzigo wangu, na mzee aliyeketi barazani akanisalimu, akaniuliza hali yangu, na hali ya nyumbani kwangu, na hali ya mvua huko nitokako, na majibu yote akayasikiliza mpaka mwisho. Ndipo akaniuliza natafuta nini. Motokaa ni chache mno katika mji ule hata waweza kukaa siku nzima usione moja. Pikipiki zimeanza kuingia pembezoni, na wazee wanazinung'unikia, lakini njia za ndani ni nyembamba mno. Punda mmoja mwenye mzigo wa mawe akipita, wewe huna budi kujibana ukutani. Mwenye punda hupiga kelele, "Simile! Simile!" nawe ukichelewa, punda hachelewi.

Ngome ya Lamu, iliyo mbele ya uwanja wa Mkunguni, ilianzwa kujengwa mwaka 1813 na kumalizika mwaka 1821. Tangu mwaka 1910 hata 1984 ilikuwa gereza. Sasa ni mahali pa mikutano na maonyesho, na kivulini mwake watu huuza matunda na kucheza bao. Jumba la makumbusho lililo ufukoni lilikuwa zamani makao ya mabwana wilaya wa Kiingereza. Mimi, ambaye baba yangu alisimama saa nyingi juani mbele ya ofisi ya bwana wilaya akingoja kipande, nalijiona nina raha ya pekee kuingia humo kwa mlango wa mbele, nikavitazama viti vya enzi na siwa ya pembe, kisha nikatoka bila kuulizwa na mtu. Mwaka 2001 shirika la UNESCO liliuandika mji wa kale wa Lamu katika orodha ya urithi wa ulimwengu, na wenyeji hulitaja jambo hilo kwa fahari, ingawa wengine huongeza kwamba tangu siku hiyo mtu hawezi kutoboa dirisha kabla ya kuandika barua tatu.

Nalipanga chumba katika nyumba ya mwalimu mmoja mzee aliyekwisha staafu, ambaye kila mtu mtaani humwita Maalimu, nami nikamwita hivyo. Nyumba yake ni ya mawe ya matumbawe na chokaa, na dari zake zimeshikwa na boriti za mikoko. Alinieleza kwa nini vyumba vyote ni virefu na vyembamba: boriti ya mkoko haizidi urefu fulani, basi hata tajiri namna gani hawezi kuwa na chumba kipana kuliko mti wake. Jibu hilo lilinipendeza sana. Ukutani mna zidaka za kuwekea vyombo, na katikati ya nyumba mna kiwanda kisicho na paa, ambamo hewa hushuka baridi hata adhuhuri.

Lugha yao pia ilinipa kazi. Mimi najua Kiswahili cha shule na cha ofisi ya chama cha ushirika, na nalidhani chatosha. Jioni ya kwanza mjukuu wa Maalimu alisimama mlangoni akaniambia, "Ndoo!" Mimi nikatazama huku na huku, nikaiona ndoo pembeni, nikaichukua, nikampelekea. Mtoto alicheka hata akaketi chini. Kumbe katika Kiamu "ndoo" maana yake ni "njoo". Alikuwa ameagizwa aniite nikale wali wa nazi na samaki. Vivyo hivyo njia huitwa "ndia", na maji ni "mai". Neno hili la mwisho nalilisikia mara nyingi katika siku zile mbili, nami nitaeleza sababu yake.

Asubuhi nalipokwenda kuoga nalikuta katika chumba cha kuogea birika la mawe, limejengwa ukutani, limejaa maji. Nalipochovya kata, kitu kikapita chini ya mkono wangu. Nalirudi nyuma kwa hofu. Maalimu alikuja, akaniambia nisiogope: ni samaki wadogo, nao huwekwa birikani makusudi ili wale viluwiluwi vya mbu. Akanionyesha na bakuli la kaure lililojengewa sakafuni mwa birika, ili maji yakipungua samaki wapate mahali pa kukaa mpaka birika lijazwe tena. Nalisimama pale kitambo. Kwetu tumenyunyiziwa dawa, tumegawiwa vyandarua, tumehubiriwa na mabwana afya. Na hapa watu walikuwa na dawa yao ndani ya birika, na samaki walikuwa na nyumba yao ya akiba wakati wa shida.

Mkulima akiona maji hana budi kuuliza yanatoka wapi. Mji ule umezungukwa na bahari. Hakuna mto katika kisiwa, wala kijito. Nalipouliza, Maalimu alisema, "Swali hilo wageni wengi hawaliulizi. Wao huuliza pwani ya kuogelea iko wapi. Twende kwanza Takwa, kisha jioni nitakupeleka yalipo mai."

Takwa ni katika kisiwa cha Manda, ng'ambo ya maji. Huwezi kufika ila maji yakijaa, kwa kuwa mashua hupita katika mkono mwembamba wa bahari ndani ya mikoko. Huko naliona mji uliokufa. Kuta za nyumba zimesimama hata kiunoni au begani, mibuyu imeota mahali pa vitanda, na msikiti mkuu bado una kibla chake na nguzo juu ya ukuta wake. Nje ya mji kuna kaburi lenye mnara. Mji huu ulisitawi kadiri ya miaka mia mbili, kisha katika karne ya 17 watu wakauacha. Vita na majirani vimetajwa, lakini sababu inayotajwa zaidi ni maji: visima viligeuka chumvi. Watu wakachukua vyombo vyao wakavuka mkono wa bahari wakakaa Shela, katika kisiwa cha Lamu, na wazao wao wako huko mpaka leo. Maalimu aliniambia kwamba watu wa Shela bado huvuka kwenda kwenye kaburi lile la mnara kuomba dua ya mvua.

Nalitazama kisima kimoja cha Takwa. Kimejengwa vizuri sana, kwa mawe yaliyochongwa. Hapana kosa katika kazi ya fundi. Nalikaa ukingoni mwake nikafikiri jambo ambalo sikumwambia Maalimu wakati ule.

Alasiri tulitembea kwenda Shela. Ni mwendo wa dakika arobaini hivi kwa mguu, kando ya bahari. Shela ni kijiji chenye msikiti wa Ijumaa uliojengwa mwaka 1829, wenye mnara mweupe, na siku hizi kina nyumba nyingi nzuri za wageni kutoka Ulaya, zenye maua na madimbwi ya kuogelea. Ufuko wake huendelea kilomita nyingi bila nyumba. Hapo, mnamo mwaka 1812 au 1813, majeshi ya Mombasa na Pate yalishuka kuja kuishinda Lamu. Watu wa Lamu wakawashinda, na husimuliwa kwamba walipokimbilia vyombo vyao walikuta maji yametoka na vyombo vimekaa juu ya mchanga. Maalimu alilisimulia jambo hili kana kwamba lilitokea juzi, na kana kwamba mimi ni mtu wa Mombasa.

Nyuma ya ufuko ndipo vilipo vilima vya mchanga. Tulipanda kimoja kwa taabu, miguu ikizama. Mimi naliona mchanga mtupu na vichaka, mahali ambapo mkulima hawezi kupanda hata muhogo, nami nikasema hivyo. Maalimu akapiga mchanga kwa bakora yake, akasema, "Ndugu yangu, hili ndilo shamba letu. Lamu yote inakunywa hapa."

Akanieleza, nami nitajaribu kueleza kama nilivyofahamu. Mvua inyeshapo juu ya mchanga haitiririki kama kwenye udongo wetu. Huzama papo hapo. Chini kabisa mna maji ya bahari, yaliyopenya kutoka pande zote. Lakini maji ya mvua ni mepesi kuliko maji ya chumvi, basi hukaa juu yake kama malai yanavyokaa juu ya maziwa. Visima vya Shela huchota katika malai hayo, na mabomba huyapeleka mjini. Ukichota kidogo, mvua ya masika hulipa ulichochukua. Ukichota kwa pupa kwa mitambo yenye nguvu, malai hupungua, chumvi hupanda kutoka chini, na mara ikisha kupanda hairudi upesi. Na mchanga wenyewe ukichukuliwa kwa kujengea, au vilima vikijengewa nyumba na vyoo juu yake, basi chujio limetobolewa.

"Na je, watu wanajua?" nikamwuliza.

"Wanajua," akasema. "Takwa pia walijua. Lakini kila mtu hudhani ndoo yake ni ndogo."

Kisha akanionyesha kwa bakora upande wa bara, ambako bandari mpya ya Lamu inajengwa. Gati lake la kwanza lilifunguliwa mwezi wa Mei mwaka 2021. Yeye si mpinzani wa bandari. Ana wajukuu wanaotaka kazi, na alisema wazi kwamba mji hauwezi kuishi kwa kuuza halwa na kupigwa picha. Wavuvi walipeleka mashtaka yao mahakamani juu ya bahari waliyoharibiwa, na mwaka 2018 Mahakama Kuu ilitoa hukumu kwamba walipwe fidia. Jambo lililomsumbua yeye ni hesabu. Watu watakuja, maelfu kwa maelfu. Nyumba zitajengwa, na hoteli. Na kila mmoja atafungua mfereji asubuhi. Maji mengine yatatoka wapi, na yataletwa lini, kabla ya watu au baada yao? Alisema ameuliza swali hilo katika mikutano mitatu, na kila mara aliandikwa katika kumbukumbu za mkutano.

Jua lilikuwa linashuka. Watalii wawili walipita chini wakikimbia kwa ajili ya afya zao. Ndipo nalimwambia Maalimu jambo nililolifikiri kule kisimani Takwa.

Katika shamba langu palikuwa na chemchemi. Baba yangu aliikuta, akaizungushia mawe, na katika ukame wa mwaka 1984 majirani wa vilima viwili walichota kwetu bila kulipa senti. Baba alipokufa naliona ardhi ile ya bondeni imekaa bure, nami nikapanda mikaratusi mia mbili, kwa kuwa nalisikia kwamba nguzo za umeme zina bei. Miti ilikua vizuri sana. Mwaka 2009 Serikali iliamuru watu waing'oe mikaratusi iliyo kando ya mito na chemchemi. Nalisikia habari hiyo redioni, nami nikajiambia kwamba inawahusu watu wa mito mikubwa. Kwanza chemchemi ilipungua wakati wa kiangazi tu. Kisha ikawa haitoki ila masika. Na sasa ni mwaka wa nne mawe ya baba yangu yamekaa makavu. Ng'ombe wangu hunywa maji ya kununua. Nimewaambia watu wote kwamba ni mabadiliko ya hali ya hewa, nao wamekubali, kwa kuwa na wao wana mikaratusi.

Maalimu hakunilaumu. Aliuliza tu, "Mingapi imebaki?"

"Yote," nikasema. "Nalikuwa nangoja inenepe."

Akacheka kidogo, akanishika mkono tukashuka, kwa maana kushuka mchangani ni kugumu kwa wazee kuliko kupanda. Tulirudi mjini gizani. Barazani mwa msikiti watu walikuwa wakinywa kahawa chungu katika vikombe visivyo na mikono, na mwenye kahawa alikuwa akiligonga birika lake la shaba. Nalikunywa vikombe vinne. Hakuna aliyeniuliza kazi yangu wala kabila langu. Waliniuliza kama viazi vya karai vinapendeza zaidi vikipikwa kwa viazi vya kwetu, na hapo mazungumzo yakaenda mpaka saa nne usiku, kwa maana juu ya viazi nina mengi ya kusema.

Nawashauri wasomaji wanaoweza kusafiri waende Lamu, na wakienda, waiache kuwa mwisho wa safari yao, si mwanzo. Mtu akifika huko kwanza, ataona kila mahali pengine pana kelele. Achukue viatu vyepesi, nguo za heshima, na fedha za mashua. Asiharakishe punda. Na asiridhike na ufuko. Apande juu ya mchanga, achukue mwenyeji wa kumweleza.

Asubuhi yake mke wa Maalimu alinifungia mkate wa mofa katika karatasi kwa ajili ya njiani, na mtoto akanipigia kelele kutoka mlangoni, "Ndoo tena!" na safari hii nalifahamu. Mashua ilinipeleka Mokowe, nikakuta basi halijajaa. Nikatwaa simu yangu nikampigia mwanangu wa kwanza, nikamwuliza kama yule mnunuzi wa nguzo bado anapita kwetu. Akasema, "Anapita, Baba, lakini bei imeshuka sana mwezi huu, afadhali tungoje." Nikamwambia asingoje, amwite Jumatatu, aanze na ile iliyo karibu na mawe ya babu yake, na visiki asiviache vichipue. Alinyamaza kitambo, kisha akaniuliza kama ni mgonjwa.